Mahindi ya Kwenye Simu

Ndani ya basi, fundi cherehani aliyekaa mbele yangu alikuwa akimweleza muuguzi, jirani yake wa kiti tu, michezo aliyoijaribu kwenye simu.

“Wa vita nimeufuta. Nauawa kabla sijajua kutembea. Huu wa kilimo ndio mzuri. Nalima na mume wangu, yuko kazini mbali. Tukipigiana simu tunagombana, lakini shambani nikichelewa nakuta ameshanimwagilia mahindi.”

“Basi dada, mzuri si mchezo. Mzuri ni shemeji.”

“Shemeji yako namjua mimi. Nyumbani hajawahi kuniinulia hata ndoo. Ni mchezo.”

“Na anayebonyeza ni nani?”

Nilikubaliana na wote wawili, jambo lisilomsaidia mtu. Basi likasimama. Fundi akashuka, akitabasamu peke yake.