Vizibo vya Soda na Daftari Tupu

Ndugu zangu wa jumuiya, binti yangu wa miaka mitano alikaa wiki tatu bila kutamka neno. Hakuwa mgonjwa. Aliyemnyamazisha ni mimi, mama yake mzazi.

Tulipomwandikisha darasa la awali hapa Chanji, mimi nilitaka kuona vema za kalamu nyekundu. Mume wangu alitaka Kiingereza. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Mpui kukaa nasi, alitaka mjukuu arudi ameshiba uji, basi. Kila siku nilifungua daftari: tupu. Nikaenda shuleni, nikawakuta watoto wameketi chini, wanapanga vizibo vya soda huku wakiimba.

"Mwalimu, nimemleta kusoma, sikumleta kucheza vizibo!"

Nikamshika mtoto mkono, tukaondoka. Nyumbani mwalimu nikawa mimi. Nikapiga marufuku Kifipa, lugha yetu ya nyumbani, eti Kiswahili na herufi tu. Nawaambia ukweli, sikufikiri kwamba bibi yake Kiswahili anakijua cha kuombea chumvi tu. Mtoto akikosea, namfinya. Kwanza akaacha kumjibu bibi, kisha akaacha kunijibu mimi. Mume wangu akaniuliza, "Kule ulisema hawafundishi. Wewe umefundisha nini?"

Jumamosi moja mwalimu akaja. Kwa aibu nikajifanya nina kazi jikoni. Akamkuta bibi uani anapeta ulezi, mtoto kando yake. Akamwamkia kwa Kifipa, akaketi mkekani, akatoa vizibo mfukoni. "Bibi, tugawie mimi na mjukuu wako, tupate sawasawa."

Bibi akagawa vibaya makusudi. Mtoto akavitazama, akanitazama mimi mlangoni, halafu akapayuka kwa Kifipa, "Bibi, unampunja mwalimu! Yeye vinne, mimi sita!"

Bibi alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Mimi nililia.

Mwalimu akaniambia, "Mama, daftari nitalijaza. Kwanza nataka mtoto anayeweza kuniambia amebanwa na haja kabla hajalowa."

Jumatatu nilimrudisha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu yule, aliyetembea mpaka kwangu baada ya mimi kumfokea mbele ya wanafunzi wake. Namshukuru mama mkwe, ambaye hajanisimanga hata siku moja. Nanyi mliokuja kunijulia hali bila kunicheka, asanteni. Wenzangu wenye watoto wadogo, kabla hujakagua daftari, muulize mtoto leo amecheza nini, na umsikilize kwa lugha yoyote atakayojibu.

Siku hizi anaongea mpaka tunachoka. Lakini Januari ni darasa la kwanza, na baba yake anasema hampeleki mtoto asiyeweza kuandika jina lake. Fomu ya kumwandikisha iko juu ya kabati, haijatiwa sahihi. Jina lina herufi sita. Mpaka jana ana tatu.