Kumi na Nane Nini?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mstahiki Meya, waganga na wauguzi wetu, mafundi wenzangu, Ndugu wageni waalikwa, na wewe, dada yetu Afisa Vipimo unayestaafu leo, ambaye mji mzima unakuita Mama Nini.

Nimeombwa nizungumze kwa niaba ya maseremala. Aliyeniteua ama amesahau, ama ana utani, kwani serikali ilipotangaza kwamba sharti sote tupime kwa mita na kilo, mpinzani namba moja nilikuwa mimi. Katika ukumbi huu huu nilisimama nikauliza: je, serikali imekosa kazi hata iingilie rula ya mzee? Kisha nikapaza sauti, "Hatutoi hata inchi moja!" Waliokuwa nje wakasikia "nchi", wakaanza kuimba wimbo wa taifa. Ikabidi mkutano uahirishwe.

Mama Nini alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaendelea na kazi yake, nanyi mnaijua. Ukimwambia, "Nipe tatu," anauliza, "Tatu nini?" Alizunguka sokoni, kwenye karakana, mpaka zahanati, nini, nini, nini, hata tukawa tunavuka barabara tukimwona.

Miaka mitatu iliyopita mjukuu wangu, angali mchanga, alishikwa na homa kali. Tulijua mizani ya zahanati ni mbovu, basi nikajitia ujuzi: nikamfunga kwenye shuka, nikamning'iniza kwenye mizani yangu kuukuu ya kupimia misumari. Tukakimbia. Muuguzi alikuwa keshashika sindano, mtoto kafunikwa gubigubi mgongoni kwa mama yake. Nikasema, "Kumi na nane."

"Kumi na nane nini, babu?"

"Ratili, mama. Si mizani ya misumari?"

Mkono wake ukasimama. Ratili kumi na nane ni kilo nane na kidogo tu. Dawa ya kilo kumi na nane ingekuwa zaidi ya maradufu, na mtoto wetu tungemzika. Ndugu zangu, nilikaa sakafuni, nikapumua kama mtu aliyetuliwa gunia la saruji. Nikamwuliza nani kamfunza kuuliza vile. Akasema, "Si yule mnayevuka barabara mkimwona?"

Sasa je, serikali ilazimishe? Ilazimishe! Nyumbani endeleeni kusema mtoto kakua inchi mbili, mdomo hauna polisi. Lakini penye dawa, penye nguzo inayobeba paa la mtu, kipimo kiwe kimoja, na atakayeona ameonewa aje kwangu tulie pamoja.

Dada, tumekutengenezea kiti. Sote tulipima kwa sentimita, na kwa mara ya kwanza miguu yote minne imelingana.

Na mjukuu mwenyewe ni yule pale mbele, anayepiga kelele tangu nianze. Asubuhi kaniambia, "Babu, nipe mbili." Nikamwuliza, "Mbili nini?" Akanitazama kama anayemtazama mjinga. "Pipi, Babu!"

Nikampa zote. Ahsante, Mama Nini. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia.