Saudi Amepiga

Kijiwe cha mtaa wa Manfuha, Riyadh, hakina cha kujivunia: ni kiti cha nyuma cha gari bovu kilichoegemezwa ukutani kwa fundi wa pancha, na kila Ijumaa alasiri Wakenya hukikalia mpaka springi zilie. Jackton, dereva wa familia moja ya mtaa wa Malaz, huja na chupa ya kahawa ya hiliki aliyojaziwa na madam wake. Kwa ubishi wake wamembandika jina Wakili. Zablon ni Redio, na ukikaa naye kidogo tu hutauliza kwa nini. Siku hiyo Protus aliketi katikati yao, simu mkononi, uso umemshuka. Kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, alitaka jibu kabla ya magharibi: anaongeza miaka miwili, ama anarudi kwao Chwele?

— Nimepiga nyumbani niulize mama watoto, Protus akasema. Keziah wangu akashika simu. Mnajua amesema nini? "Mum, Saudi amepiga!"

— Ati wewe ndio Saudi? Wakili akauliza.

— Mimi ndio Saudi, bana. Na si mimi peke yangu. Ng'ombe nilinunua ni Saudi. Geti ni Saudi. Ile blanketi nzito nilituma, wakisikia baridi, "leta Saudi."

Redio alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Hiyo ni heshima, wewe! Kwetu imeingia hadi kwa Kizungu. Mwalimu akisifu mtoto, "Your handwriting is very Saudi." Maanake inang'aa!

— Wacha uongo, Wakili akamkata. Kwetu "she has gone Saudi" ni mtu hajibu meseji. Hata stima ikipotea, "it has gone Saudi."

— Basi ngojeni, Redio akajibu. Mwaka ujao iko kwa kamusi ya Waingereza. Na watoto watabatizwa hivyo! Kutakuwa na Askofu Saudi pale Bungoma, na kofia yake!

Protus hakucheka. Akilini aliuona tena uwanja wa kwao baada ya mvua, vinguo vya Keziah vimeanikwa juu ya ua, na mtoto mwenyewe akimfuata kwa kutambaa, asubuhi ile alipobeba begi akaondoka.

Noah, mlinzi aliyeingia Riyadh juzi tu, alimgeukia Protus.

— Samahani wazee. Huyo mtoto, siku ukifika pale nyumbani, atakuita nani?

Wakili akajimiminia kahawa. Redio, Redio huyo huyo, akaanza kukagua kikombe chake kama anakinunua.

Protus alisimama, akampigia kafili pale pale. Kwa Kiarabu chake cha kuokoteza akamshukuru kwa yote, akamwambia halas, basi imetosha, anarudi kwa mtoto wake. Kisha akapiga Chwele, akaweka spika, na wote wakainama kusikiliza.

— Saudi!

— Keziah, sikia mama. Baba anakuja nyumbani.

Upande wa pili kuku walisikika uwanjani.

— Wewe na Baba mtakuja pamoja?