Mzee Leonardi Ntabaye, Msoma Maji Tuliyemnyamazisha

Tarehe 30 Juni 2026 Mzee Leonardi Ntabaye anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya kusoma kina cha Ziwa Tanganyika. Aliajiriwa katika kituo chetu cha vipimo mwezi Machi 1991, akiwa kijana mwenye baiskeli ya kuazima, na tangu hapo amepandishwa cheo mara moja tu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake, usizidi kurasa mbili, uwe wa furaha. Furaha nitaiweka, maana mzee huyu haandikiki bila furaha. Lakini hasira ninayo pia, na sioni sababu ya kuificha.

Kwa wageni wetu ambao hawaijui kazi yenyewe: ufukweni Kibirizi ipo nguzo ya chuma yenye namba. Kila siku saa tatu asubuhi na saa kumi jioni Mzee Leonardi husimama mbele yake, husoma maji yamefika wapi, kisha huandika katika kitabu cha vipimo. Kitabu kina safu nne. Tarehe, saa, kipimo, na ya mwisho ni Maelezo. Ni kazi ya dakika tano. Yeye ilimchukua saa nzima, na maneno yalianzia hapo.

Wasoma maji wengine wakifika kwenye Maelezo huandika "upepo" au "mvua", wakafunga kitabu. Mzee Leonardi aliandika alichokiona. Siku moja: "Maji yametulia mpaka naona vidole vyangu vya miguu. Asante Mungu." Siku nyingine: "Siku za mbalamwezi. Mitumbwi ya dagaa imepumzika, wavuvi wanashona nyavu na kutaniana. Nimepewa muhogo wa moto." Na hii ambayo mimi naipenda kuliko zote: "Mama kutoka Kagunga ameshuka kwenye boti na kuku watatu, wote wazima. Amewahesabu mara mbili, akacheka peke yake. Na mimi nimecheka." Pembeni yake kipimo kilikuwa sahihi, kama kawaida. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumkuta na kipimo cha uongo.

Samson, fundi wetu wa mitambo, hawezi kusahau alipopelekwa kwake ajifunze kusoma nguzo. Aliaga kwamba anarudi baada ya dakika kumi. Alirudi saa sita mchana, jua limemchoma, analalamika kwamba amesimamishwa juani kuangalia namna akina mama wanavyorusha dagaa mchangani kwa mkono mmoja wakatandazika bila kupandana. Tulimcheka sana. Wiki iliyofuata tulimwona anakwenda tena, na safari hiyo hakutumwa na mtu.

Sasa nifike mwaka 2015, na hapa naomba nisikatishwe.

Ulikuja waraka kutoka makao makuu kwamba ripoti ya mwezi isiachwe na safu yoyote wazi. Ripoti hiyo nilikuwa naichapa mimi, Hasna Khalfani, katibu muhtasi wa kituo hiki. Kabla ya hapo nilikuwa nachapa namba tu, Maelezo nayaruka. Waraka ulipofika nikautii kwa bidii ya kijinga: nikachapa kila kitu, muhogo wa moto, kuku wa Kagunga na vidole vya miguu, nikaituma. Makao makuu wakasomeana wakacheka, mmoja akapiga simu kumtania mkuu wetu wa wakati ule. Mkuu akaona ameaibishwa. Hakuuliza ripoti ilitumwa na nani wala kwa nini. Alimwandikia Mzee Leonardi onyo la maandishi kwa kutumia nyaraka za ofisi kwa mambo yasiyo na faida, na akamwagiza kwamba kuanzia siku hiyo katika safu ya Maelezo ataandika neno moja, Hakuna.

Barua hiyo niliichapa mimi. Nilijua kosa si lake. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, nina watoto shuleni, nikanyamaza. Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu ili asije mtu kusema Hasna anawasema wenzake tu.

Jamani, hebu lifikirieni jambo hilo. Mtu anasimama ufukweni asubuhi, jua limepanda nyuma yake juu ya vilima, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo mstari kwa mstari, wavuvi wanashusha migebuka, watoto wa shule wanapita wanamwamkia, naye anainama anaandika: Hakuna. Jioni anarudi, anaandika tena: Hakuna. Mara mbili kwa siku, kwa miaka kumi na mmoja. Nimepiga hesabu, ni zaidi ya mara elfu nane. Tulimlipa mshahara mtu mwenye macho kuliko sisi sote ili aandike kwamba hajaona kitu.

Na yeye? Alitii. Hakununa hata siku moja, jambo ambalo lilinikera zaidi. Alikuja kunywa chai akatusimulia kwa mdomo kile alichozuiwa kukiandika. Sisi tulisikiliza huku tukichezea simu.

Mvua za mwaka 2020 na 2021 zilipojaza ziwa, maji yaliifunika nguzo yetu yote. Nyumba za ufukweni ziliingiliwa na maji, watu wakahama na magodoro kichwani. Nguzo mpya haikuletwa kwa miezi mitano. Fungueni kitabu cha miezi hiyo: safu ya kipimo ina kistari, na pembeni yake, kwa utiifu, Hakuna. Ziwa linameza mtaa, kitabu cha serikali kinasema Hakuna! Wataalamu walipokuja baadaye kutafuta maji yalipanda lini na kufika wapi, walikuta kurasa hizo wakatutazama kama wanaotazama wendawazimu.

Ni Mzee Leonardi aliyetuokoa. Aliwachukua akawatembeza ufukweni. Aliwaonyesha jiwe la kufulia, akasema maji yalilifikia siku Agnesi mwanika dagaa alipojifungua pacha. Wakaenda kwa Agnesi, kadi ya kliniki ikatoa tarehe. Akawaonyesha ngazi ya pili ya ghala, akasema hiyo ni ndoa ya Luqman, bwana harusi alivua viatu akapita majini anacheka. Cheti cha ndoa kikatoa tarehe. Alama kumi na saba aliwapa, na kumi na saba zote zikakubaliana na tarehe za watu. Alizikumbuka kwa sababu kila moja alikuwa ameifurahia. Wataalamu wakapima mawe na ngazi, wakaijaza ile miezi mitano. Barua yao ya shukrani ilipokuja ilimtaja mkuu wa kituo, gari la kituo na dereva. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulimnyonga na haki tukampa dereva.

Mwaka huu nilipoandaa faili lake la kustaafu niliambiwa hawezi kupewa cheti cha utumishi mwema, kwa kuwa ana onyo ambalo halijafutwa. Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kunyamaza. Nilimwandikia mkuu wetu wa sasa, Bi Frida, nikaeleza ripoti ile aliituma nani. Nashukuru alisoma. Barua ya kufuta onyo imetoka wiki iliyopita, ina mistari mitatu, na cheti kitatolewa leo mbele yenu. Neno samahani halimo katika mistari hiyo. Nimeisoma mara nne kulitafuta.

Nilimpelekea barua hiyo nyumbani kwake Gungu, nikakiri kwamba mimi ndiye niliyemponza. Aliniangalia akatabasamu. "Hasna mwanangu, nilijua tangu siku ile. Ofisi nzima mashine ya kuchapa ilikuwa moja, na mwenye mashine mmoja."

Nilikuwa nimebeba kitabu cha vipimo. Nikamfungulia ukurasa wa siku hiyo, nikamwambia safu imefunguliwa, aandike anachotaka. Mkewe akaja kusimama nyuma yake aone. Mzee akavaa miwani, akashika kalamu, akainama. Akaandika Hakuna.

Mkono wenyewe ulikwenda. Alipoona alichoandika alicheka mpaka miwani ikamtoka. Mimi sikucheka, na mkewe hakucheka. Nilimwomba alifute aandike tena, sauti yangu ikiwa juu kuliko heshima inavyoruhusu. "Usiniharakishe, mama," akasema. "Macho yanaona bado. Mkono ndio umesahau."

Sherehe itaendelea na chakula kipo. Lakini kabla hamjapiga makofi, jueni kwamba jambo hilo tulilifanya sisi, kwa barua yenye mhuri na ukimya wa watu wengi, wa kwanza wao mimi.

Mzee Leonardi, shikamoo. Samahani ambayo ofisi haikuandika, naiandika mimi hapa, na nimeichapa mwenyewe. Tunakushukuru kwa miaka thelathini na mitano ya kuangalia kwa niaba yetu. Tunakutakia siku nyingi za kukaa mbele ya ziwa lako, na asitokee tena mtu wa kukuuliza ulichokiona kina faida gani.