Fundi Mwishehe na Dohani ya Mwisho

Fundi Mwishehe Shomari ameitumikia reli kwa miaka ishirini na tisa, na leo, Jumamosi tarehe 30 Juni 1956, anastaafu. Desturi yetu ni kumsifu mstaafu wa reli kwa maili alizosafiri. Kwa huyu desturi hiyo haifai, kwa sababu injini zake hazijawahi kutoka nje ya chumba kimoja. Iliyo kubwa kuliko zote hubebwa kwa mikono miwili, tena bila kutweta. Lakini hakuna stesheni masta wala gadi aliyefunzwa hapa ambaye hakuianza kazi yake kwa injini za Mwishehe.

Mgeni asiyekijua chumba chetu cha mafunzo ataona meza ndefu iliyofuata kuta, na juu yake reli nyembamba, stesheni za mbao, daraja, na mlima wa karatasi na gundi. Hapo ndipo wanafunzi hujifunza kupishanisha treni zinazotumia njia moja. Treni zikigongana mezani, huumia roho ya mwalimu tu. Mwandishi wa maneno haya, Revelian, seremala wa chumba, ndiye aliyeiunda meza hiyo na kuzilaza reli zake. Anaomba jambo hilo likumbukwe, maana lina kazi mbele.

Leo katikati ya meza imesimama injini mpya nyeusi. Imekamilika yote, ila haina dohani ya kutolea moshi. Haikusahaulika. Kwa mwaka mzima swali la chumba hiki lilikuwa moja tu: je, Fundi ataimaliza injini yake ya mwisho kabla macho yake hayajamwishia? Jibu litakuja mahali pake.

Mwishehe ni mwenyeji wa pwani hii, wazazi wake watu wa Mbagala. Aliingia karakana ya reli mwaka 1927 akiwa fundi bati, kazi yake kuziba taa za ishara zilizovuja. Chumba cha mafunzo kilipofunguliwa, ilitafutwa mtu mwenye mkono mwepesi wa kulehemu, wakaletwa kadhaa, akabaki yeye. Injini ndogo huja kutoka Uingereza zikiwa vipande ndani ya boksi: mabamba ya shaba, magurudumu, vijiti, skrubu ndogo kama punje za mtama, na mchoro uliokunjwa. Anayelifungua boksi hilo kwa mara ya kwanza haoni injini. Anaona takataka za sonara. Kazi ya Fundi ni kukata, kupiga tupa, kukunja na kulehemu mpaka takataka hizo zitembee.

Injini ya kwanza ilimchukua msimu mzima wa masika. Aliufuata mchoro kama mtu anayefuata imamu, akaipaka rangi ya kijani, akaivisha dohani, kisha akawaita watu wa ofisi zote. Nyumbani kwake Temeke mkewe, Bi Tunu binti Fakihi, alikuwa amepika kahawa na kukata kashata, na Fundi alivileta mwenyewe, dele la kahawa amelifunga kwenye keria ya baiskeli. Watu wakanywa, wakapongeza. Injini ikawekwa juu ya reli, na magurudumu yake yakaning'inia nje, huku na huku. Ilikaa pale kama mtu mrefu aliyepanda punda mfupi.

Fundi alisema meza imekosewa. Seremala alisema injini imekosewa. Ubishi ulikwenda mpaka kashata zikaisha, ndipo vikaletwa vipimo. Kumbe boksi lilitengenezwa kwa kufuata reli za Uingereza, ambazo ni pana, na meza ilipimwa kwa kufuata reli zetu, ambazo upana wake ni mita moja tu. Seremala anafurahi kuandika hapa, mbele ya mashahidi, kwamba meza ilikuwa sawa. Amesubiri nafasi hii kwa muda mrefu.

Mwishehe aliibomoa injini yake siku ile ile, akaikata chini na kuibana upya. Tangu hapo kila boksi lililofika hapa lilipunguzwa kiuno kwanza. Na tangu hapo ikaanza desturi ya dohani. Dohani ya injini mpya hukaa mfukoni mwa koti la Fundi mpaka injini yenyewe izunguke meza bila kuanguka. Alitueleza kwa ufupi: 'Mtu havai kilemba cha harusi kabla posa haijajibiwa.' Ikishazunguka ndipo kahawa humiminwa, na aliyeiunda ndiye anayeivisha. Hapo hana mzaha. Mkuu mmoja wa zamani aliwahi kuomba heshima ya kuivisha yeye. Fundi alimpa kikombe cha kahawa kilichojaa vizuri, akaivisha mwenyewe.

Siku zote hizo kahawa ilitoka Temeke, na Bi Tunu hakuwahi kuiona dohani ikivishwa. Fundi alikuwa na msimamo kwamba kazi ni kazi na nyumba ni nyumba. Mama mwenyewe alikuwa akisema kwamba hujua injini imetembea akiona dele limerudi tupu.

Mabehewa nayo yana sifa zao. Boksi za Uingereza zilileta mabehewa ya maziwa, kana kwamba treni ya Tabora hushindia maziwa. Fundi aliyageuza yakawa ya maji, kwa ajili ya zile sehemu kavu za katikati ya nchi. Yaliyokuja ya kubebea makaa aliyapandisha kuta yakabeba katani. Behewa la daraja la tatu alilitoa vioo vyote, akalitia madirisha ya mbao. Ndani ya behewa la gadi, ukichungulia, utamkuta kuku mdogo wa lehemu amefungwa miguu. Mkaguzi aliuliza kuku huyo ni wa nini. Fundi alimjibu kwa adabu, 'Bwana, gadi asiye na kuku wa njiani bado hajaripoti kazini.' Magadi waliokuwapo walitazama dari.

Wakati wa vita meli zilikuwa na mambo makubwa ya kubeba, na boksi hazikuja. Mwishehe hakukaa bure. Alikata madebe ya mafuta ya taa, akaunda injini inayotembea hadi leo, nzito kidogo, na ukiigeuza utasoma maandishi ya debe tumboni mwake. Mwanafunzi mmoja, Gaspar, kijana wa bara aliyependa mwendo, aliikimbiza injini hiyo mpaka ikaruka meza na kutua sakafuni. Fundi hakugomba. Alimpa Gaspar akae nayo mapajani mchana kutwa, huku yeye akiinyoosha kidogo kidogo na kumwomba ampigie pepeo mgonjwa. Gaspar sasa ni stesheni masta huko kwao, na wapitao kwake wanasema hakuna treni inayoondoka pale kwa haraka.

Boksi la mwisho lilifika mwezi wa Julai mwaka jana. Lilikuwa na vipande vingi kuliko boksi zote zilizotangulia, na wakati huo ukungu ulikuwa umeshaingia machoni mwa Fundi. Alianza kuusogeza mchoro karibu na pua, hata wanafunzi wakasema kwa mzaha kwamba anaunusa. Skrubu zilimwanguka na hakuziona zilikoangukia. Mwandishi alijitolea kumsomea mchoro. Alijibiwa kwamba seremala asome mbao.

Yafaa kusema wazi alichokuwa akikiogopa. Habari za macho zikifika juu, angepumzishwa mara moja, na boksi lingepelekwa kwa fundi mwingine katika mji mwingine. Kustaafu hakukumtisha. Alichoogopa ni kuondoka akiacha injini yake ya mwisho ikiwa vipande, ikavishwa dohani na mtu asiyemjua.

Kuanzia mvua za vuli akawa anaondoka Jumamosi na vipande ndani ya kopo la biskuti, na kuvirudisha Jumatatu vikiwa vimeunganishwa. Kazi ilikuwa safi, safi kuliko ya miaka yake mizuri. Ile mishikio myembamba iliyopita ubavuni ilinyooka bila hata mmoja kukaa upande. Mwandishi alifurahi, kisha akashangaa. Siku moja, alipokuwa akifuta vumbi, aliona ncha ya uzi mweupe imebanwa chini ya ukanda wa shaba. Ulikuwa uzi wa kushonea kofia. Na mtu yeyote wa Temeke atakuambia kofia nzuri za huko hushonwa na nani, maana Fundi huvaa moja kila Idi, nasi humtania kwamba imempendeza kuliko uso.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mwandishi alichukua kichane cha ndizi akaenda kumjulia hali rafiki yake. Aliwakuta wote wawili barazani. Bi Tunu ameketi mkekani, tumbo la injini mapajani mwake, anapitisha uzi katika vitundu vya shaba kama anavyopitisha katika kofia, ili kila kipande kikae imara kabla ya kulehemiwa. Fundi yuko kando yake amefumba macho. Anagusa kila kiungo kwa kidole gumba na kumwambia wapi pakazwe na wapi palegezwe. Kisha yeye huleta chuma cha moto, mama humwelekeza mkono, lehemu ikashika na uzi ukaungua. Uzi ule mmoja tu ndio uliosalia.

'Karibu, shemeji,' Bi Tunu alisema bila kuinua uso. 'Keti, ila usinitikise. Mie leo nashona kofia ya shaba.'

Fundi alimtambua mgeni kwa sauti ya viatu. Alisema, 'Revelian, usiyatoe haya sasa. Siku ya mwisho utayaandika yote, wala usinipunguzie.'

Mwandishi alikunywa kahawa, akaaga. Alifika Keko ndipo akagundua kwamba kichane cha ndizi bado kiko mkononi, na kwamba analia. Maseremala hatupendi jambo hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi iliyopita injini ilizunguka meza ikiwa na mabehewa nyuma yake. Ilipanda mlima wa karatasi, ikavuka daraja, ikarudi stesheni. Wanafunzi walipiga makofi, wakamngoja Fundi aingize mkono mfukoni. Hakuuingiza. Aliuliza kama chai ipo, akatoka. Baadaye alimwita mwandishi pembeni, akamwambia kwamba sheria ya chumba hiki aliiweka yeye, na hawezi kuivunja katika wiki yake ya mwisho. Mkuu wa chumba amekwishaelezwa yote haya. Alichosema ni kwamba injini inatembea, na hilo ndilo aliloagiza.

Basi, Fundi Mwishehe, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kila treni iliyopishana salama huko njiani kwa sababu ilikwisha kugongana hapa. Tunakushukuru kwa yule kuku. Kwa ubishi wa meza, mwandishi amekusamehe. Mwezi ujao utaingia hospitali kutolewa ukungu huo, na daktari amesema matumaini yapo. Tunakuombea uone tena, kwanza uso wa mkeo, halafu injini hii, na njia ya kuja kutusalimia unaijua.

Leo kahawa tumeipika wenyewe, mtuvumilie. Bi Tunu binti Fakihi ameketi safu ya mbele, mara yake ya kwanza kuingia chumba hiki, na baada ya maneno haya hakuna hotuba nyingine. Tunawatakia nyinyi wawili siku njema, afya, na baraza yenye wageni. Fundi, toa dohani mfukoni, umpe mwenzako.

Shemeji, sogea mezani. Aliyeiunda ndiye anayeivisha.