Bi Glenys Trembath na Jina Lililobaki Ubaoni

Bi Glenys Trembath alianza kazi katika Mkahawa wa Arkadia, hapa mjini kwetu Burrawidgee, Jumatatu tarehe 5 Februari 1979. Anastaafu leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka arobaini na sita na miezi minne na ushee. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wenye mkahawa wawili, ameona mafuriko matatu na mashine nne za kahawa, na amechelewa kazini mara moja tu, siku ambayo kondoo wa mfugaji Fitzgibbon waliamua kulala katikati ya barabara. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimekaanga chipsi nyuma ya mgongo wake kwa miaka ishirini na miwili, na kwa sababu Kiki, mwenye mkahawa, kila akishika kalamu analia.

Niseme mapema jambo lililotukosesha raha mwezi mzima. Kiki ameuza mkahawa, na mwenye mpya, Bwana Gurdev Sandhu, anaanza Jumanne ijayo. Tulipomuuliza Bi Glenys anataka zawadi gani ya kuagia, alikataa saa, akakataa kiti cha kupumzikia, akakataa hata safari ya mapumziko ya Cairns. “Jina libaki ubaoni,” akasema. “Hayo mengine mtajua wenyewe.”

Jina lenyewe ni Buibui, lililoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao ulio juu ya kaunta. Kwa mgeni aliyefika kwenye sherehe hii na hajui, ni soda iliyomiminwa kwenye bilauri ndefu yenye donge la aiskrimu, ikinywewa kwa mrija na kijiko kirefu. Povu hupanda na kutandaza nyuzi nyeupe kama utando ukutani mwa bilauri, na wengi husema jina lilitoka hapo. Babu yake Bi Glenys alikuwa akiapa kwamba zamani buibui alikuwa brandi na soda ya limau, kinywaji cha wanaume wazima, mpaka watu wakapata akili. Mzee Stathi Fardouli, baba yake Kiki, alisema yeye alipofika kutoka kisiwa cha Kithira alinunua duka likiwa na jina ndani, na hakuuliza. Bi Glenys hajawahi kuchagua upande. Mtoto akimuuliza kwa nini inaitwa buibui, humjibu, “Kunywa kwanza, halafu uniambie wewe.”

Bwana Sandhu ni mtu muungwana, lakini jina hilo hakulipenda. “Mama, wasafiri wa barabara kuu wanasimama hapa dakika kumi,” alimwambia Bi Glenys mwezi uliopita. “Wakisoma buibui kwenye orodha ya vinywaji, wanarudi kwenye gari.” Alikuwa amekwisha kuagiza ubao mpya wenye maneno Soda ya Aiskrimu. Bi Glenys hakubishana. Alichukua kitambaa akafuta kaunta iliyokuwa safi tayari, na sisi wa jikoni tunajua maana yake, kwa hiyo siku ile hakuna aliyemsemesha hadi jioni.

Basi turudi mwanzo. Aliajiriwa akiwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwoga, na viatu vya kuazima. Siku yake ya kwanza alimimina soda juu ya aiskrimu kwa pupa, povu likafurika, likashuka kaunta nzima na kutua juu ya meneja wa benki, aliyekuwa amevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu hadi magotini. Tena soda yenyewe ilikuwa ya rasiberi, nyekundu. Binti akavua aproni mwenyewe akitaka kwenda nyumbani. Mzee Stathi akamrudishia. “Vaa, mwanangu. Miaka kumi namwambia yule bwana asiegemee kaunta yangu, leo amesikia.”

Tangu hapo amekuwa na namna yake, na hakuna anayeruhusiwa kwenda kinyume nayo. Kwanza sirapu chini, kisha soda kidogo, kisha aiskrimu, halafu bilauri inainamishwa na soda inateremka taratibu ubavuni hadi povu lifike kidole kimoja kutoka ukingoni. Mwaka 2006 Kiki alileta mashine ya kufanya yote hayo kwa kubonyeza. Bi Glenys aliitazama wiki moja, kisha akaanza kuitundikia koti lake.

Lakini ubingwa wake hasa si mikono. Ninyi wa hapa mnajua kwamba buibui wa Jumamosi ni wa furaha: umetoka kuogelea, timu imeshinda, au timu imeshindwa na baba anataka kukubembeleza. Buibui wa siku ya kazi ni kitu kingine. Mtoto wa Burrawidgee akitolewa darasani Jumanne saa nne asubuhi na kuletwa Arkadia, anajua ana habari ya kuambiwa. Tunahama. Mbwa ameuzwa. Baba hatakuwa anaishi nasi. Wazazi wetu hawakuweza kusema mambo hayo nyumbani, sijui kwa nini. Walihitaji mtoto awe na kitu cha kushika mkononi.

Mimi niliambiwa mwaka 1984, nikiwa na miaka tisa, kwamba mama hatarudi kutoka hospitali ya Sydney. Buibui wangu alikuwa wa kola. Bi Glenys aliweka madonge mawili bila kuombwa, akaenda mwisho wa kaunta, akatupa mgongo na kuanza kupangusa vijiko vilivyokuwa vikavu, ili baba yangu aweze kulia. Nimeona akifanya hivyo kwa watu wengine pengine mara mia, na hajawahi kumsimulia mtu hata neno moja. Nampenda kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote, na sijawahi kumwambia hadi leo ninapoandika.

Ndiyo maana jina lilituuma. Nani atamwambia mwanawe, “Twende tukanywe soda ya aiskrimu,” na mtoto akaelewa?

Jumatano ya wiki iliyopita, saa tano asubuhi, Bwana Sandhu aliingia. Safari hii hakuja na futi ya kupimia kuta. Alikuja na binti yake Harleen, wa miaka minane, akiwa na sare ya shule. Mama yake Bwana Sandhu alikuwa amefariki usiku huo huko Jalandhar, na yeye hakujua amwambieje mtoto. Akawauliza wenzake kwenye kiwanda cha kuchambua pamba anakofanya kazi, nao wakamjibu kama ambavyo mtu yeyote hapa angemjibu: “Mpeleke kwa Glenys akanywe buibui.”

Alisimama mbele ya kaunta, kofia mkononi. “Naomba buibui mmoja,” akasema polepole. “Wa mwanangu.”

Bi Glenys hakumwangalia yeye. Alimwinamia mtoto. “Wa rangi gani, mpenzi?”

“Kijani,” akasema Harleen.

Madonge yalikuwa mawili. Bi Glenys akaenda mwisho wa kaunta kwenye vijiko vyake, nami nikazima redio ya jikoni. Walikaa karibu saa nzima. Walipomaliza, Bwana Sandhu aliirudisha bilauri mwenyewe, ikiwa nusu, akasimama akiutazama ubao.

“Bibi yake alikuwa akimpigia simu kila Jumapili,” akasema.

“Pole sana, baba,” akasema Bi Glenys.

“Ule ubao mpya nitaurudisha. Huu usiguswe.”

Bi Glenys aliitikia kwa kichwa, akasema anakwenda kuleta maziwa kwenye chumba cha baridi. Alikaa huko muda mrefu, akarudi bila maziwa.

Mkewe Bwana Sandhu, Bi Paramjit, ameanza kujifunza kazi wiki hii. Jana mchana alitengeneza buibui wake wa kwanza bila kusaidiwa, wa ndimu, akamvuta Bi Glenys mkono na kumkalisha upande wa wateja, ambako hajapata kukaa kwa miaka arobaini na sita. Sote tulitoka jikoni kutazama. Bi Glenys akanywa, akaweka mrija chini, akafikiri.

“Soda imezidi,” akasema. “Lakini ni buibui.”

Bi Glenys, ahsante kwa kila bilauri, na ahsante kwa kutupa mgongo wakati tulipouhitaji. Uwe na afya, uwe na raha, na uje mara kwa mara. Kiti ni chako, na safari hii sisi ndio tutakaosimama.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa Arkadia,
Trevor Quaife, jikoni