Mama Kioo Anatoka Nyuma ya Kioo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kituo chetu, Mkufunzi Mkuu wa Tiba ya Familia anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kwenye karatasi za ofisi cheo chake ni kirefu hivyo. Sisi tunamwita Mama Kioo, naye huitika.

Jina hilo limetokana na kazi. Chumba chetu cha mafunzo kina kioo cha kuonea upande mmoja. Mwanafunzi anakaa na familia ndani, mkufunzi na wanafunzi wengine wanatazama kutoka nyuma ya kioo, na familia imeelezwa hivyo na kuridhia. Ukutani kuna simu ambayo mkufunzi humpigia mwanafunzi aliye ndani. Ikilia, ujue umeharibu. Wapo watu wazima, wenye ndevu na shahada, ambao mpaka leo wakisikia simu ya mezani wanashtuka.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya vijana. Alichoka kuwaona wakipata nafuu, wakirudi nyumbani, kisha wakiletwa tena wakiwa hoi kuliko mwanzo. Akaamua kwamba kijana hatibiwi peke yake kama jino. Lazima waje pia wale anaoishi nao. Akaenda kusomea tiba hiyo, akarudi, akaanza kutufundisha. Wakubwa walipotaka kozi ya mwaka mzima ifupishwe iwe ya wiki mbili, aliwajia juu kwa adabu zote mpaka wakaghairi.

Ugonjwa wetu sisi wanafunzi ulikuwa mmoja: kuhubiri. Mwenzetu mmoja aliletewa kijana aliyekuwa akipigana shuleni kila kukicha, pamoja na bibi aliyemlea. Mwenzetu akaeleza mambo ya balehe kwa ufasaha mpaka bibi akasinzia. Kijana akavua koti lake taratibu, akamfunika bibi miguu. Mhubiri wetu hakuona kitu, alikuwa amezama kwenye maelezo yake. Simu ikalia: "Funga mdomo, tazama koti. Anzia hapo." Alianzia hapo, na kijana ambaye shule ilikuwa mbioni kumfukuza alimaliza masomo.

Lakini kuna kisa kingine, ambacho Mama Kioo mwenyewe ameagiza kiandikwe humu.

Mwanawe wa pekee alipofika miaka kumi na sita aliacha kuongea naye. Kwanza aliacha kula mezani, kisha akabeba godoro akahamia kwa mjomba wake. Hebu fikiria: mama anayefundisha watu kupatanisha nyumba za wenzao, na kwake mwana hataki hata salamu. Angeweza kuficha. Badala yake alikuja kwenye kikao cha asubuhi akatuambia wazi kwamba nyumba yake imemshinda, halafu akaomba miadi kwa mtaalamu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliyekuwa akifanya kazi upande wa pili wa mji.

Huko alifanya makosa yote anayotukataza. Alipanga viti kana kwamba chumba ni chake. Alimjibia mwanawe kila swali. Mwisho yule mwanafunzi wake wa zamani akamwambia, "Samahani Mama, hilo nimemuuliza yeye." Kijana akacheka, kisha akasema, "Watoto wa watu unawasikiliza wiki nzima. Mimi unanitibu tu."

Mama Kioo alilia. Walirudi pale kwa miezi kadhaa, na mambo yalikwenda kwa kusuasua: mto wa kulalia ulirudi nyumbani kwanza, godoro baadaye sana. Tangu hapo yeye hulisimulia kila darasa jipya kisa hiki siku ya kwanza, kabla hajagusa kitabu. Tunaona mabega ya wanafunzi yakishuka kwa ahueni, na kazi inaanza.

Amewafundisha wataalamu zaidi ya mia mbili, na wengi wao sasa wanawafundisha wengine. Mama, tunakupenda, na tutakukosa kwelikweli. Asante kwa kila simu uliyotupigia, hata zile zilizotutoa machozi.

Tulimwomba mwanawe, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, aseme machache kwenye sherehe. Alikataa, akasema hotuba si fani yake. Ameomba jambo moja tu, tusimcheleweshe mama yake. Anakuja kumchukua kwa miguu ili warudi kwa njia ndefu, maana wana mazungumzo hawajayamaliza.

Basi nenda, Mama. Maisha yako mapya yawe mema, na marefu kama hiyo njia.